Anzeni na Chakula Msichokipenda: Mwongozo wa Darasa la Mapishi la Kikundi

Kikundi cha Mbagala, Tandika, Tegeta au Bunju kikiamua kufungua darasa la mapishi, orodha yake inajulikana hata kabla haijaandikwa: biriani, pilau, keki, sambusa, pengine na pizza. Ni vyakula vizuri na hakuna ubaya kuvijua. Lakini kama unataka darasa litakalobadilisha kinachopikwa nyumbani siku za kawaida, mbali na kile kinachopigwa picha siku ya shughuli, nakushauri uanzie upande wa pili. Anza na vyakula ambavyo wanakikundi wako hawavipendi, wavijadili kabla jiko halijawashwa, na mjadala uishie kwenye uamuzi wa kupika kimojawapo. Nitaeleza namna ya kufanya hivyo, na nitaeleza pia kwa nini, maana asiyeijua sababu atakuwa amerudi kwenye keki ifikapo wiki ya pili.

Sababu ya kwanza ni Dar es Salaam yenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, 1,346,674 kati yao wakiwa Temeke na 982,328 Kinondoni. Wengi wao, au wazazi wao, walitoka mikoani. Katika mtaa mmoja wa Mbagala utamkuta aliyekulia ugali wa muhogo Mtwara, wa Dodoma asiyeona mlo umekamilika bila mlenda, wa Kilimanjaro na mtori wake, wa Kagera anayengojea msimu wa senene, na mwenyeji wa Pwani ambaye kwake mboga bila nazi haijapikwa. Wote wananunua soko moja. Jiji limewakutanisha sokoni ila halijawakutanisha jikoni: kila mmoja anapika alivyopikiwa kwao, na kwa vya wenzake ana neno moja tu, "sipendi". Ukimdadisi kidogo utagundua kwamba chakula hicho alikionja mara moja, msibani au shuleni, kikiwa kimepikwa na mtu asiyekijua. Hapo ndipo ninaposimama mimi. Sehemu kubwa ya tunachokiita kutopenda chakula ni kutopenda upishi fulani wa chakula hicho, na watu hukubali upishi mwingine wakikaa, wakajadiliana na kuamua wenyewe. Kwa kuhubiriwa hawakubali.

Ushahidi wenye uzito zaidi unatoka mbali, ila unatufaa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Marekani ilitaka akina mama wapike zaidi moyo, figo na nyama nyingine za ndani, kwa kuwa nyama ya kawaida ilihitajika jeshini. Akina mama hawakutaka hata kuzisikia. Mwanasaikolojia Kurt Lewin akachukua vikundi sita vya wanawake waliokuwa wakijitolea Msalaba Mwekundu, kila kikundi kikiwa na watu 13 hadi 17. Vikundi vitatu vilipewa mhadhara mzuri: faida za nyama hizo mwilini, uzalendo, karatasi za mapishi zilizochapwa, na mtoa mada akawasimulia jinsi familia yake ilivyozifurahia. Vikundi vitatu vingine viliulizwa kwanza ni kitu gani kinachomzuia mama wa nyumbani kuzipika. Wakataja harufu inayotoka sufuriani, wakataja mume atakavyonuna mezani, wakazungumzia namna ya kushinda vikwazo hivyo, na mwishoni wakanyoosha mikono kuonyesha nani yuko tayari kujaribu wiki hiyo. Walipofuatiliwa majumbani, katika waliosikiliza mhadhara ni asilimia 3 tu waliokuwa wamepika nyama ambayo hawakuwahi kuipika kabla. Katika walioamua pamoja walikuwa asilimia 32. Lewin aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1943. Kwa mtu wa Temeke, anayeona watu wanavyogombea supu ya utumbo na makongoro alfajiri, inachekesha kwamba ilihitajika sayansi nzima kumshawishi mtu ale figo. Lakini kicheko hicho nacho ni ushahidi: kinyaa hakimo ndani ya figo.

Watu wengi waliosikia habari ya Lewin walichukua funzo nusu, wakasema basi tufanye mijadala. Mwaka 1955 mtafiti Edith Bennett alilirudia suala hilo kwa wanafunzi wa chuo, ingawa jambo waliloombwa halikuwa chakula bali kujitolea kushiriki katika utafiti. Alitenganisha mjadala wenyewe, tendo la kuamua, na hali ya mtu kuona kwamba wenzake wengi wamekubali. Akakuta kwamba mjadala peke yake haukuushinda mhadhara. Nguvu ilikuwa katika kuamua, na katika kuona kwamba hukuamua peke yako. Kwa mwandaaji wa darasa, hili ndilo la kushika kuliko yote: mjadala wa chakula usiofikia uamuzi ni soga, na soga watu wanazo za kutosha saluni na kwenye daladala. Sisi wenyewe tuliwahi kulijua jambo hili. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadili, kisha kikaamua kitafanya nini mahali pake, na vyoo vikachimbwa. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, kwa mtindo uleule, kuhusu lishe. Darasa ninalolipendekeza hapa ni mtoto wa vikundi vile, tofauti yake ni kwamba redio imebadilishwa na sufuria.

Sasa tuingie kazini. Idadi inayofaa ni watu 12 hadi 16. Wakiwa pungufu ya hapo vyakula vinavyotajwa vinakuwa vichache, wakizidi hapo wengine wanageuka watazamaji. Kama una kikoba kinachokutana tayari, usitafute watu wapya. Wanaaminiana, wana mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na siku yao inajulikana. Angalia jambo moja tu: asili zao ziwe tofauti. Kikundi cha watu wote wa mkoa mmoja kitakubaliana haraka mno, na hapo ni afadhali kialike majirani watatu wanne wa kwingine. Mama lishe akiwemo ni bahati, maana anajua kupikia watu wengi bila chakula kuungua au kulowa maji, lakini usimfanye mwalimu wa kila kitu. Mwalimu wa siku ni yule aliyekulia chakula kinachopikwa siku hiyo, hata kama ndiye mkimya kuliko wote. Mahali panahitaji vitu vitatu: kivuli, maji na pa kumwaga maji machafu. Uwani kwa mwanakikundi panatosha. Kama nyumba zimebanana, zungumzeni na ofisi ya serikali ya mtaa au shule ya jirani, na turubai mkodi kama mnavyokodi kwa shughuli nyingine. Siku nzuri kwa wengi ni Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi, na mwezi wa Ramadhani darasa lipumzike.

Kuhusu dini, amueni siku ya kwanza na msirudie tena. Mnyama awe amechinjwa kwa namna ambayo Mwislamu atakula bila wasiwasi, nguruwe asiingie, na vyombo visiwe vimewahi kumpikia. Asiye Mwislamu hapotezi kitu kwa masharti haya, kwa sababu darasa lina vyakula mia vingine vya kubishania, na kitimoto hakijawahi kukosa watetezi mjini hapa. Vivyo hivyo kwa miiko ya ukoo na ya dini nyingine. Ulizeni pia kuhusu mzio, hasa wa karanga, kamba na pweza, na katibu aandike majina. Mtu akisema pweza humvimbisha midomo, hilo si suala la mjadala.

Kikao cha kwanza hakina jiko. Hili huwakera watu, kwa hiyo watangazie mapema na uandae chai na maandazi. Gawa vikaratasi, kila mmoja aandike bila jina chakula kimoja asichokipenda na amalizie sentensi inayoanza na "kwa sababu". Asiyependa kuandika amnong'oneze katibu. Vikunjwe, vichanganywe, visomwe kwa sauti. Usishangae vyakula vilevile vikijirudia: mlenda na bamia, dagaa, papa mkavu, kisamvu, dona, mnafu, maini, ugali wa muhogo. Chakula chenyewe kisikushughulishe sana. Tega sikio kwenye sababu, kwani ndiyo itakayokuambia kama chakula hicho kina kazi ya kufanywa jikoni au la. Katika miaka ya 1980 wanasaikolojia Paul Rozin na April Fallon walionyesha kwamba binadamu hukataa chakula kwa njia zisizofanana: kuna ladha mbaya mdomoni, kuna hofu ya kudhurika, na kuna kinyaa, yaani kukataa wazo lenyewe la kitu hicho hata kama hujakionja. Kwa hali yetu ningeongeza hadhi na kumbukumbu. Wazee wanaokumbuka uhaba wa miaka ya 1970 wanaujua unga wa mahindi ya njano ulioletwa kutoka nje, ule uliobatizwa jina la Yanga kwa rangi ya jezi. Waliouchukia walichukia rangi, foleni na shida vilivyokuja nao. Dona nayo kwa wengi ni chakula cha bweni, na maharage yana kesi hiyohiyo.

Kwa hiyo mwenyekiti na katibu wapange vikaratasi kwa mafungu ya sababu, na kila fungu litendewe kivyake. Fungu la mwiko liwekwe kando papo hapo, bila maelezo wala maswali. Fungu la hofu lipewe majibu ya kweli, kwa kuwa hofu nyingine zina msingi. Mtu anayeogopa muhogo mchungu si mshamba: wakati wa ukame wa mwaka 1985 huko Tarime, watu waliokula muhogo ambao haukuandaliwa ipasavyo walipatwa na konzo, ugonjwa unaolemaza miguu. Kisamvu nacho hutwangwa na kuchemshwa vizuri kwa sababu hiyohiyo, kutwanga kunaifungua sumu na moto unaitoa. Anayeogopa mahindi na karanga zilizoota ukungu naye yuko sahihi, sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Jibu kwake ni kumwonyesha jinsi ya kuchambua punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zenye ukungu, akazitupa moja kwa moja bila kuwapa kuku.

Yanayobaki, ladha, kinyaa, hadhi na kumbukumbu, ndiyo chakula cha mjadala. Chukua papa mkavu. Anayemkataa husema ananuka, na kweli ananuka: nyama ya papa ina urea nyingi, ambayo ikivunjika hutoa amonia, harufu ileile ya chooni. Kumwambia mtu huyo kwamba papa ana protini ni kupoteza muda. Mwachie mtu wa Pwani aeleze anavyomfanya: anamloweka kwenye maji ya moto, anayamwaga, anarudia, anamkwangua ngozi na mchanga, anamchambua vipandevipande, kisha anamtia ndimu au ukwaju kabla ya tui kuingia. Uchachu unaiua amonia. Mpishi wa Kilwa hahitaji kulijua neno amonia, amelijua jambo lenyewe kwa vizazi. Dagaa wana habari nyingine. Wanaowakataa wengi hutaja mchanga na uchungu, na yote mawili hayatoki kwa samaki mwenyewe bali kwa mkono uliomshughulikia: dagaa wa Ziwa Victoria kwa muda mrefu wameanikwa chini juu ya mchanga, na uchungu unakaa kichwani na tumboni. Nunueni waliokaushwa juu ya chanja, mwondoe vichwa na matumbo, muoshe kwa maji ya moto, mkaange kwanza. Dona vilevile: kiini cha hindi kina mafuta, na mafuta hayo yakikaa sana yanachacha na kuupa unga harufu ya ukale. Anayesema dona inanuka alilishwa dona ya zamani. Sageni kidogo, mpike wiki hiyohiyo.

Nikiambiwa nichague chakula kimoja cha kufungulia darasa, nitachagua bamia, kwa sababu ni rahisi kupatikana kuanzia Temeke Stereo hadi Tegeta na kwa sababu ubishi wake ni mkali. Lalamiko ni utelezi. Nunua kilo mbili, changa, zinazokatika ncha kwa kidole. Nusu ya kwanza mpe wa Dodoma au Singida: atazikata ndogondogo, atazichemsha kwa maji na magadi kidogo, atazipekecha hadi zivutike, kwa kuwa maji na magadi huutoa utelezi wote. Nusu ya pili ioshwe nzima, ifutwe kwa kitambaa mpaka ikauke kabisa, ikatwe kwa urefu, iingie kwenye mafuta yaliyoshika moto, bila kifuniko na bila kukorogwa ovyo. Ikishakuwa na madoa ya kahawia ndipo vitunguu na nyanya vifuate, na ndimu mwishoni. Utelezi utakuwa umekauka, na mabaki yake yamekatwa na uchachu. Mkivipakua vyakula hivi viwili upande kwa upande, mtu aliyeapa hali bamia atalazimika kusema ni bamia ipi asiyoipenda, na mwenye mlenda wake atasimama kumjibu kwamba usiovutika haustahili kuitwa mlenda. Ubishi huo ni mzuri. Uache uendelee.

Ila uwe na kanuni. Mwenye kukipenda chakula aseme mwisho, baada ya wanaokikataa kumaliza yote. Akitangulia yeye, wengine hujikunyata kwa adabu na utabaki na tabasamu zisizo na faida. Kila anayekataa aulizwe alikionja wapi na nani alipika. Atakayesema "watu wa huko ndivyo walivyo" arudishwe kwenye sufuria. Utani wa makabila utaingia tu, Mzaramo na Mnyamwezi hawawezi kukaa saa mbili bila kurushiana maneno, wala usiuzuie kabisa, kwa sababu utani huwapa watu ruhusa ya kusema lililo moyoni. Lakini utani una wenyewe. Baina ya wasio watani, mzaha wa panya kwa mtu wa kusini au wa mbwa kwa Mhehe unageuka tusi, na mwanakikundi huyo hutamwona tena. Saa moja inatosha. Baada ya hapo mwenyekiti aulize maswali matatu, na majibu yawe ya mikono iliyonyooshwa, ihesabiwe na iandikwe: tunapika kipi Jumamosi ijayo, nani anatuongoza, na nani kati yetu yuko tayari kukijaribu nyumbani kwake ndani ya wiki moja baada ya darasa. Swali la tatu ndilo linaloubeba mradi mzima. Usikubali lipite kwa "tutaona".

Siku ya kupika ina machache ya kusema. Gawa watu wanne wanne, kila kundi na jiko lake. Majiko ya gesi ya mtungi mdogo yanaokoa muda na macho, ila kwa vyakula vya kuchemka muda mrefu wengine watang'ang'ania mkaa, na hakuna haja ya kugombana. Hakikisheni ndoo za maji zimejazwa tangu jana yake, maana bomba likikata saa nne hakuna darasa. Kinu, mchi, mbuzi ya nazi na kifumbu viazimwe mapema. Chakula kimoja kipikwe kwa njia mbili au tatu, kamwe isiwe njia moja. Pikeni kidogo, cha kuonja, na kiwepo chungu kimoja cha wali au ugali ili asiyeshiba asinung'unike. Kanuni ya kuonja ni kijiko kimoja kwa hiari, na anayekataa asiulizwe mara mbili. Kumshurutisha mtu mzima ale kunamrudisha pale alipoanzia. Hapa nina utafiti wa kunisaidia: Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba binadamu huanza kukipenda kitu kwa kukutana nacho tena na tena, na kazi za Leann Birch juu ya watoto zilionyesha hivyohivyo kwa chakula. Kwa mtoto, mara nyingi huhitajika kuonja kati ya mara 8 na 15 kabla hajakizoea chakula kigeni, na wazazi wengi wanakata tamaa mara ya tatu. Kijiko kimoja leo, kingine mwezi ujao, ni mwendo wa kawaida kabisa.

Wapo watakaosema ladha ni maumbile, mtu haamui ulimi wake. Wana sehemu ya ukweli. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox aligundua kwamba kemikali moja iliyo chungu sana kwa baadhi ya watu haina ladha yoyote kwa wengine, na baadaye ikajulikana kwamba tofauti hiyo hurithiwa. Kwa hiyo mnafu unaomshinda mwenzio huenda kweli ni mchungu zaidi mdomoni mwake kuliko mwako, na kumcheka ni ujinga. Lakini hoja hiyo inalitetea darasa badala ya kulipinga. Wapishi wa Kenya magharibi hawakungoja maabara. Mboga chungu kama mnafu na mgagani wanazilaza kwenye maziwa au kuzichanganya na majani mengine laini, uchungu ukapungua. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta alitumia miaka mingi kuzirudishia heshima mboga hizo za kienyeji, na sehemu ya kazi yake ilikuwa ni mapishi kama hayo. Maumbile yanaamua unavyouhisi uchungu, hayaamui kwamba mboga lazima iletwe ikiwa chungu.

Pingamizi linalonipa shida zaidi ni la biashara: watu walilipa mchango wajifunze keki na biriani, ukiwapikia papa watahama. Siwezi kulipuuza, na wala sidhani ujanja wa maneno utalitatua. Njia ninayoiona ni kuwapa vyote viwili kwa mpangilio: kila kikao kianze na chakula kinachobishaniwa, kimalizie na kimoja wanachokitamani. Anayekuja kwa ajili ya biriani atalikuta, baada ya bamia. Ukigeuza mpangilio huo, watakula biriani na kuondoka. Wengine watauliza faida iko wapi kumlazimisha mtu wa Dar kurudi kwenye vyakula vya shamba wakati ametoroka shamba. Hapa jibu langu ni la mfuko. Anayejua kupika mboga tano tu yuko mikononi mwa bei ya mboga hizo tano. Mvua ikiharibu mchicha na nyanya, jirani yake anayejua kisamvu, matembele, majani ya maboga na kunde anakwenda sokoni bila hofu. Kuhusu akina baba, usiwaache nje. Katika mijadala ya Lewin mume alikuwa mmoja wa vikwazo vilivyotajwa kwanza, na hapa kwetu atatajwa hivyohivyo. Waalikeni siku ya kuonja, na anayetaka kushika mwiko apewe.

Kikao kinachofuata kisianze na mapishi mapya. Kianze na katibu akisoma majina ya walionyoosha mikono, na kila mmoja aseme kama alipika nyumbani, alibadilisha nini, na watoto walisema nini. Yaandikwe. Kipimo cha darasa ni hicho, sahani zilizokwisha siku ya kuonja hazisemi kitu, kwa sababu watu wenye njaa na wenye adabu humaliza sahani. Kati ya watu 12 wakipika wanne, mko sawa na wale wanawake wa Marekani, na hao wanne watawavuta wengine bila wewe kusema neno. Asipopika hata mmoja, chunguza swali la tatu liliulizwa vipi. Aghalabu utakuta mwenyekiti alilipitisha kwa makofi.

Mchango uwe mdogo na sawa kwa wote, mweka hazina asome matumizi mbele ya kikundi kila kikao, na risiti za sokoni zisipokuwepo, waende wawili kununua. Mengine mtajifunza mkiendelea. Pangeni tarehe ya kikao cha kwanza wiki hii, mwambie kila mwanakikundi aje na jina la chakula kimoja asichokipenda na sababu yake, na wewe mwandaaji uje na la kwako.